Vitabu 23 vimetiwa katonini, nami ndiye mkutubi

SWALI

Kwa Mshauri,

Pokea salamu. Mimi ni mkutubi wa kujitolea katika maktaba ndogo ya jamii huku Eastlands, Nairobi. Tuna vitabu kama 1,900, meza sita, na wanachama wapatao 340, wengi wao wanafunzi wa miaka 10 hadi 17. Tuna kamati ya watu saba na chumba tulichopewa bila kodi.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuta vitabu vyetu viwili kwenye mkoba wa bintiye wa miaka 14. Kimoja ni cha afya, kinaeleza balehe, hedhi na jinsi mimba inavyotungwa. Cha pili ni riwaya ya vijana ambamo msichana wa kidato cha pili anapata mimba na kufukuzwa nyumbani. Alipiga picha kurasa nne, akazituma katika kundi la WhatsApp la wazazi pamoja na ujumbe wa sauti kwamba maktaba inawafundisha watoto uchafu. Kufikia jioni wengine walikuwa wameongeza majina ya vitabu vyao, baadhi hata hatunavyo. Mwenyekiti alinipigia simu usiku akaniamuru niviondoe vyote. Asubuhi nilivitia katonini: 23. Viko chini ya ngazi, na katika daftari nimeandika "vinatengenezwa". Kati yake kuna kimoja cha historia ya siasa za Kenya na kingine cha hadithi za mizimu, na hakuna aliyeniambia vina kosa gani.

Jumamosi iliyopita msichana wa miaka 15 aliniuliza kile cha afya. Nilimwambia kimeazimwa, akasema atarudi Jumamosi ijayo.

Je, mzazi ana haki ya kutuamuru? Kuna sheria tunayovunja tukivirudisha? Na nianzie wapi bila kuwagawanya wazazi na bila kupoteza chumba?

Mkutubi wa Eastlands

JIBU

Ndugu Mkutubi,

Anza na daftari. Kabla ya sheria na kabla ya mwenyekiti, kata neno "vinatengenezwa". Rekodi ya uongo ndiyo itakayokuumiza: siku mfadhili au mzazi mwingine atakapouliza vitabu viko wapi, utaonekana wewe ndiye uliyeficha, na aliyeamuru kwa simu hataonekana popote. Chukua karatasi, chora safu tano: nambari ya usajili ya kitabu, jina lake, tarehe kilipotolewa rafuni, aliyeamuru, na sababu aliyoitoa. Jaza mistari 23. Pasipo na sababu, andika "hakuna sababu iliyotolewa". Kwa maelezo yako mistari mingi itakuwa hivyo, na karatasi hiyo pekee itabadilisha mazungumzo ya kamati. Tia tarehe na sahihi, fanya nakala mbili, moja ibaki kwako.

Sasa haki ya mzazi. Mama yule ana haki kamili ya kuongoza usomaji wa bintiye. Akisema mtoto wake asipewe riwaya ile, mheshimuni, andikeni kwenye kadi ya mtoto, basi. Lakini haki hiyo inaishia mlangoni pake. Jirani yake ana binti wa miaka 15 ambaye huenda hakuna mtu nyumbani anayemweleza hedhi ni nini, na mzazi huyo naye ana haki ya kutaka kitabu kibaki. Ukikitoa rafuni kwa neno la mzazi mmoja, umewanyang'anya wazazi wengine wote uamuzi wao bila kuwauliza. Mwambieni hivyo mama mwenyewe, kwa upole, maana wengi hawajawahi kuliona jambo hili kwa upande huo.

Kuhusu sheria. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, na haisemi kila mtu mzima. Inavyovitoa nje ya uhuru huo ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Ibara ya 24 inasema haki hupunguzwa kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa. Simu ya usiku si sheria. Ibara ya 53 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kenya pia iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Ibara ya 13 ya mkataba huo inampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari za kila aina, ya 17 inazitaka nchi kuhimiza uchapishaji na usambazaji wa vitabu vya watoto, na ya 5 inamtambua mzazi kama mwongozaji, kwa kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Ibara hiyo ya 5 isomeni kwa sauti kwenye kikao, kwa sababu inampa mzazi heshima yake na papo hapo inaonyesha kwamba mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 16 hawaongozwi kwa namna moja.

Mipaka ipo, tusifichane. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kusambaza machapisho ya ngono, na kitu cha aina hiyo hakina nafasi katika maktaba yenu, wala hakihitaji kamati kukijadili. Lakini mchoro wa mfuko wa uzazi katika kitabu cha afya haumo humo, na riwaya inayoonyesha msichana akifukuzwa nyumbani haimo humo pia.

Mtakutana na hoja mbili za kimakosa, zijibuni mapema. Ya kwanza: "Kitabu hiki hakijaidhinishwa na KICD." Ni kweli taasisi hiyo ya ukuzaji wa mitaala huidhinisha vitabu vya kufundishia shuleni, lakini maktaba ya jamii si darasa, na orodha yake haikuandikwa ili iwe mpaka wa kila anachosoma Mkenya. Ya pili: "Kinapaswa kuwa na alama ya 18." Alama za 16 na 18 hutolewa na bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, na kazi yake ni filamu, vipindi vya utangazaji na maonyesho ya jukwaani. Haiainishi vitabu vya maktaba. Anayebandika alama hizo kwenye jalada anajipa mamlaka asiyokuwa nayo.

Tuje kwenye utaratibu, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa maktaba ndogo huangukia hapahapa. Zinaanguka kwa kukosa karatasi. Lalamiko lisilo na utaratibu huamuliwa na mwenye sauti kubwa zaidi siku hiyo.

Kanuni ya kwanza ya utaratibu wowote mzuri: kitabu kinacholalamikiwa hubaki rafuni hadi uamuzi utolewe. Kukitoa kwanza na kukijadili baadaye ni kupanda mchongoma. Kikishatoka, anayetaka kirudi ndiye anayelazimika kujitetea, ilhali mzigo wa kueleza ulipaswa kuwa wa aliyetaka kitoke.

Kabla ya fomu, zungumza na mama huyo ana kwa ana. Nusu saa inatosha. Muwe watu wawili upande wenu, asionekane ameviziwa wala wewe usibaki peke yako na maneno yasiyo na shahidi. Msikae kwenye meza ya kuazimia watoto wakisikia. Muulizeni mambo matatu tu kisha mnyamaze: ni ukurasa gani uliomsumbua, amekisoma kitabu chote au zile kurasa nne, na anataka nini hasa kifanyike. Jibu la swali la tatu ndilo muhimu. Mzazi aliyeshtuka mara nyingi anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba mtoto wake hatapewa tena, na hilo mnaweza kulimaliza papo hapo kwa kuandika kwenye kadi. Asiporidhika, mpeni fomu bila kinyongo.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Iulize jina na simu ya mlalamikaji, jina la kitabu na mwandishi, kama amekisoma chote na kama si chote ni kurasa zipi, kinachomsumbua, anadhani msomaji wa umri gani anaweza kudhurika na kwa njia gani, kama ameona lolote jema ndani yake, na anachotaka maktaba ifanye. Asiyetia jina hajibiwi. Fomu moja ni kwa kitabu kimoja: anayetaka 23 viondolewe ajaze 23.

Sharti hilo la mwisho linaweza kuonekana la kikatili, lakini halikwepeki. Chama cha Maktaba cha Marekani, ALA, huhesabu kila mwaka majina ya vitabu ambavyo watu wametaka viondolewe katika maktaba za huko. Mwaka 2022 kilihesabu 2,571. Mwaka 2023 yakafika 4,240. Chama chenyewe kilieleza kwamba kilichoyapandisha ni makundi na watu waliopeleka orodha ndefu, makumi au mamia ya vitabu kwa mkupuo. Orodha hunakiliwa kutoka mji hadi mji, na anayeipeleka mara nyingi hajafungua hata kimoja. Kundi lenu la WhatsApp lilifanya jambo hilohilo kwa jioni moja, ndiyo maana mmeambiwa muondoe hata vitabu msivyokuwa navyo. Fomu ya kila kitabu inamrudisha mtu kwenye kitabu chenyewe.

Kisha jopo la wasomaji watano. Muwe na wewe mkutubi, mzazi mwanachama asiyehusika na lalamiko, mwalimu wa sekondari, mtu mwenye ujuzi wa mada (kwa kitabu cha afya, muuguzi au afisa wa afya ya jamii wa zahanati ya karibu), na kijana mwanachama wa miaka 16 au 17. Kiti cha kijana ndicho kinachosahaulika kila mara, ilhali ndiye pekee katika jopo anayeweza kusema kitabu hicho kinasomwaje na rika lake. Mlalamikaji asikae joponi, wala mwenyekiti aliyekwisha kuamuru.

Fanyeni hesabu ya muda kabla hamjaahidi chochote. Nakala moja, wasomaji watano, siku sita kila mmoja: siku 30. Na kwa siku hizo zote kitabu kitakuwa mikononi mwa jopo, yaani kimetoka rafuni kwa mlango wa nyuma. Suluhisho ni nakala ya pili. Nunueni au muombe maktaba nyingine iwaazime, ili moja izunguke joponi na nyingine ibaki kwa wasomaji. Kila mjumbe asome kitabu kizima. Asiyekimaliza hapigi kura. Kurasa nne zilizopigwa picha haziwezi kueleza kwamba kurasa 30 baadaye msichana yule wa riwaya anatafuta njia ya kurudi shuleni, kama ndivyo ilivyo.

Jopo lijibu maswali manne kwa maandishi: habari zilizomo ni sahihi? Maandishi yana ubora? Kinamfaa msomaji wa rafu kilipowekwa? Kuna kitabu kingine maktabani kinachofanya kazi yake? Kisha liamue moja kati ya matatu: kibaki, kihamishwe rafu nyingine, au kitolewe. Kuhamisha kuwe kwa sababu ya umri wa msomaji, na msikubali kuwe maficho. Kitabu cha balehe kikipelekwa rafu ya watu wazima, wale kilichoandikiwa hawatakifikia, na hapo mmekitoa bila kukiri. Sababu ziandikwe, mlalamikaji apewe nakala ndani ya siku saba, na kitabu hichohicho kisifunguliwe tena kwa miaka miwili pasipo hoja mpya.

Yote haya yanahitaji mzizi, yaani sera ya uteuzi wa vitabu. Kurasa mbili zinatosha, na kamati iipitishe kabla ya jopo la kwanza kuketi, maana sera iliyoandikwa katikati ya ugomvi huonekana imetungiwa mtu fulani. Mkiweza, nakilini maneno haya kama yalivyo: "Maktaba hii huchagua vitabu kwa kuangalia usahihi wa habari, ubora wa maandishi, umri wa wasomaji wake na mahitaji ya mtaa. Kuwepo kwa kitabu rafuni hakumaanishi kwamba kamati inakubaliana na kila kilichomo. Mzazi au mlezi huongoza usomaji wa mtoto wake mwenyewe." Ongezeni kwamba mnafuata Manifesto ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO, iliyohuishwa mwaka 2022, inayosema makusanyo ya maktaba yasiwekewe udhibiti wa itikadi, siasa au dini, wala shinikizo la biashara. Hati hiyo ni ya bure, na ina uzito mbele ya mfadhili.

Mtu atauliza: lakini ninyi nanyi mnachagua, je, huko si kuzuia? Mkutubi wa Marekani Lester Asheim alilijibu swali hili mwaka 1953, na bado hatujaona jibu bora. Mteuzi hutafuta sababu za kukiweka kitabu. Mzuiaji hutafuta sababu za kukikataa. Mteuzi hukitazama kitabu kizima, mzuiaji hushika kipande. Pesa zenu na rafu zenu zina mwisho, lazima mchague. Kwa mfano, kitabu cha afya chenye habari potofu au zilizopitwa na wakati kuhusu Ukimwi kitolewe bila kusita, hata kama hakuna aliyelalamika, kwa sababu kinaweza kumdhuru anayekiamini. Kitabu kilichooza kwa unyevu, kisichosomeka, au kisichoazimwa kwa miaka mitano, nacho kinaweza kutoka. Ila msitumie usafi huo wa rafu kama kisingizio. Kitabu kizima, chenye habari sahihi, kilichoazimwa mara kumi mwaka huu, kikitolewa kwa jina la kupunguza vitabu chakavu, kila mwanachama atajua ni nini kimefanyika.

Tazama tena katoni yako. Orodha ilianza na hedhi, ikafika historia ya siasa kabla ya chakula cha jioni. Ndivyo orodha za namna hii zinavyokua, na Nairobi haihitaji kwenda mbali kujifunza. Maktaba ya McMillan pale Banda Street ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni milango yake ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwaka 1987, nchi ikiwa huru, polisi walipita katika maduka ya vitabu wakikusanya nakala za riwaya ya Kigĩkũyũ ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari. Wanaotaka vitabu viondolewe katika mtaa wenu hawana nia hiyo, tunaamini. Lakini njia ni ileile: mtu mmoja anaamua, wengi wanakosa, na hakuna karatasi inayoeleza kwa nini.

Kuna uzuiaji wa kimyakimya ambao wakutubi wenyewe huufanya kwa kutaka amani, nao hautajwi kwenye kikao chochote. Kuweka kitabu ndani ya droo na kumpa "anayestahili". Kusema kimeazimwa. Kukifuta kwenye katalogi ili asiyejua kipo asikiulize. Kupaka wino mweusi kwenye michoro. Kuchana kurasa: katika kitabu kilichoshonwa, karatasi moja ni nusu ya karatasi iliyokunjwa, kwa hiyo ukichana ukurasa wa 61 nusu yake ya pili inalegea na kuanguka baada ya wiki chache, mahali usipopategemea, na katika kitabu cha gundi mgongo hufunguka pande zote mbili za jeraha. Ulio mgumu zaidi kuuona ni kutokinunua kitabu kwa sababu unaogopa atakachosema fulani. Huo hauachi alama hata moja. Njia pekee ya kujikagua ni kuandika vitabu ambavyo wasomaji wameviomba na hamkuvileta, pamoja na sababu, na kuisoma orodha hiyo mara mbili kwa mwaka.

Ili ghasia hii isirudi, badilisheni fomu ya uanachama. Kwa asiyefikisha miaka 18, mzazi achague moja kati ya tatu: mtoto aazime kutoka rafu za watoto na vijana, aazime kutoka rafu zote, au aazime akiwa na mzazi. Aweke sahihi na tarehe, na aweze kubadilisha wakati wowote. Rafu zipangeni kwa umri wa msomaji: watoto hadi miaka 9, wadogo wa miaka 10 hadi 12, vijana wa miaka 13 hadi 17, watu wazima. Msibandike alama za rangi zinazoonya. Msomaji mwoga huziogopa asionekane, na mtundu huzifuata hizohizo. Vitabu vya afya ya mwili, vile vyenye nambari za 612 na 613 za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu maktabani kwa mada, viwekeni mahali pa wazi lakini pasipotazamana na mlango, ili kijana aweze kusimama hapo dakika mbili bila macho ya wote. Mita moja ya kusogeza rafu hufanya kazi kuliko mabango kumi.

Kisha lile daftari la kuazima, kama liko wazi mezani. Kila anayekuja kuandika jina lake anaona jirani yake amechukua nini. Majina na vitabu hivyo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi na uangalifu zaidi. Tumieni kadi ndani ya kitabu: kikitoka, kadi yenye jina huwekwa kwenye sanduku lenye kifuniko, kikirudi, jina hukatwa kwa wino usiopenya na kubaki tarehe tu. Hesabu mnayohitaji mnayo bado, na historia ya msomaji hamnayo. Ujumbe wa kukumbusha kitabu kilichochelewa utaje nambari, kwa mfano "kitabu 0412", usitaje jina. Mzazi akitaka kujua mtoto wake anasoma nini, mwambieni amuulize mtoto, au waje wote wawili. Waambieni vijana hayo yote siku wanayojiandikisha.

Na yule binti wa miaka 14. Mama alipiga picha vitabu vya mkoba wake na kuzirusha mbele ya wazazi wa wenzake. Mtaa mzima unajua ni nani. Kadi yake isifungwe, asiitwe kikaoni, asiombwe kueleza kwa nini aliazima. Akija, mpokeeni kama siku nyingine yoyote. Kwenye kundi la WhatsApp msibishane na mtu. Tumeni ujumbe mmoja: "Tumepokea maoni kuhusu vitabu viwili. Yatashughulikiwa kwa utaratibu ulioandikwa, na fomu zinapatikana maktabani. Tunawaomba msisambaze picha wala habari za mtoto yeyote." Kisha nyamazeni, hata wakichokoza.

Kuhusu mwenyekiti, usimvizie. Yeye ni mtu mmoja katika kamati ya saba. Kama kikundi chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, mna katiba ya kikundi; fungua sehemu ya mikutano uone akidi ni wangapi na kama inampa mwenyekiti uwezo wa kuamua peke yake. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, kwa heshima, ukiambatisha ile karatasi ya mistari 23, na umwombe aite kikao ndani ya siku saba. Ombi lako liwe jepesi kukubalika: vitabu 21 vilivyoongezwa kwenye orodha baadaye virudi rafuni, viwili vifuate utaratibu vikiwa rafuni, na sera ijadiliwe. Usianze na Katiba. Anza na mistari yenye "hakuna sababu iliyotolewa", na mruhusu aione mwenyewe.

Chumba ni jambo la kweli, na mwenye nyumba ana haki ya kuweka masharti ya nyumba yake. Kwa hiyo mtembeleeni kabla hajafikiwa na ujumbe wa sauti, mkiwa na sera mkononi, na muombe makubaliano ya maandishi yanayosema chumba ni chake na vitabu ni vya kikundi. Kusanyeni barua za waliotoa vitabu. Zitathibitisha mali ni ya nani. Ikitokea mkaambiwa mchague kati ya kitabu na chumba, hilo ni la kamati nzima kuamua kwa kura na kuandika, lisiwe lako wewe kulibeba usiku peke yako. Mkihitaji mkono, ulizeni wakutubi wa tawi la Buruburu la Huduma ya Maktaba za Kitaifa au Maktaba Kuu pale Upper Hill, na Chama cha Maktaba cha Kenya. Mkumbuke pia kwamba Katiba imeweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo barua kwa Bunge la Kaunti ni njia iliyo wazi kwenu.

Limebaki la Jumamosi. Huenda kikao hakitakuwa kimefanyika, na kitabu kimoja kati ya viwili vyenye lalamiko ndicho anachokitaka. Lalamiko hilo hadi sasa ni la mdomo, halina fomu wala uamuzi wa kamati. Mpigie mwenyekiti Alhamisi, umwambie waziwazi kwamba msomaji amekiomba na kwamba utampa, na umtumie ujumbe huohuo kwa maandishi. Akikataza, mwombe aandike. Akiandika, usimwambie msichana tena kwamba kimeazimwa. Mwambie kimezuiliwa kwa muda, kamati inakaa siku fulani, na mwonyeshe ni wapi tawi la Buruburu ili akatafute huko. Asipoandika, kitoe katonini Ijumaa jioni, kipanguse vumbi, kirudishe mahali pake kwenye 612, na akija mgongee muhuri wa tarehe ya kurudisha: wiki mbili, kama kila mwanachama.